Moshi Usiobisha Hodi: Gesi ya Machozi na Watu wa Majumbani



Wapenzi wasomaji wetu, juma hili tunalo jambo ambalo familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe zimelionja, lakini ni chache zilizopata kumuuliza daktari juu yake. Nalo ni gesi ya kutoa machozi. Kila panapotokea purukushani barabarani, mazungumzo huwa ni ya pande mbili: walioandamana na waliokuja kuwatawanya. Sisi tunataka kumtazama mtu wa tatu, ambaye hakuna anayemtaja. Huyo ni bibi aliyekaa barazani na tasbihi yake, mama aliyepanga mahamri yake kando ya njia, mwana mchanga aliyelala juu ya mkeka, na mgonjwa wa pumu aliyefunga mlango akidhani kuwa mlango umemlinda. Hawakumrushia mtu jiwe, wala hawakutoa amri kwa askari yeyote. Lakini moshi haubishi hodi, na miili yao ndiyo iliyo dhaifu zaidi mbele yake.

Mfano hauko mbali nasi. Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, iliyowekwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Amri ilikuwa ianze saa moja ya jioni. Kabla ya saa hiyo kufika, umati mkubwa ulikuwa umekusanyika kwenye kivuko cha Likoni, watu wakitaka kuvuka warudi makwao baada ya kazi za mchana. Polisi wakawatawanya kwa virungu na kwa gesi ya machozi, na picha zake zikaenea ulimwenguni. Watu wale hawakuwa waandamanaji. Walikuwa wakienda nyumbani, na nyumbani ndiko walikoamrishwa kwenda.

Tukumbuke pia ni wakati gani. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa tarehe 13 Machi, wiki mbili tu kabla yake. Kila redio ilikuwa ikituusia tukae mbalimbali na tusiguse nyuso zetu. Gesi ya machozi humlazimisha mtu kutenda kinyume cha hayo yote: akohoe, apenge kamasi, ajifute macho kwa viganja, na asukumane na mwenziwe akitafuta hewa. Chama cha Mawakili nchini kiliipeleka kesi mahakamani, na tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri yenyewe ilikuwa halali, ila nguvu zilizopita kiasi zilizotumiwa kuitekeleza zilikwenda kinyume na katiba.

Mahakama ilisema lake juu ya haki. Sisi tuseme letu juu ya mapafu.

Ni kitu gani hasa

Tunaiita gesi kwa mazoea, lakini si gesi. Aina inayotumika sana ulimwenguni huitwa CS, kwa herufi za kwanza za majina ya wanakemia wawili wa Marekani, Corson na Stoughton, walioitengeneza mwaka 1928. Katika hali yake ya kawaida ni unga. Kopo linapowaka, unga huo hupaa na kutawanyika kama moshi wa chembe ndogo mno. Iko pia aina nyingine inayotokana na ukali wa pilipili.

Juu ya mishipa ya fahamu ya macho, pua, koo na ngozi, Mola ametuwekea walinzi wadogo ambao kazi yao ni kutuonya tunapoguswa na kitu kinachounguza. Mama aliyekata kitunguu au kukaanga pilipili kavu jikoni anawajua walinzi hao. Chembe za CS huwaamsha wote kwa pamoja na kwa nguvu. Macho hufumba yenyewe na kutiririka machozi, pua na mate hutoka bila ya kizuizi, kifua hubana, na ngozi huwasha kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Palipo na jasho huwasha zaidi, na joto letu la pwani mnalijua.

Kwa kawaida mtu akitoka kwenye moshi, ukali huo hupungua ndani ya nusu saa. Hapo ndipo lilipozaliwa neno kwamba gesi hii inaudhi tu, haidhuru. Neno hilo lina masharti matatu ambayo hayatajwi: awe mtu mzima, awe na afya, na awe mahali pa wazi. Mwana mchanga aliye chumbani ameyakosa mawili ya hayo hata kama hajawahi kuugua. Ajuza mwenye pumu aliye chumbani naye ameyakosa mawili. Na moshi huu ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kukaa chini, mahali pale pale tunapotandika mikeka na kuwalaza watoto wetu. Mtoto huvuta pumzi haraka kuliko mtu mzima. Kwa mwili wake mdogo, sehemu anayoivuta ni kubwa kuliko yetu.

Waliyoyaona matabibu

Mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto wa miezi minne aliyekuwa ndani ya nyumba iliyorushiwa gesi ya CS, kwa sababu polisi walikuwa wakijaribu kumdhibiti mtu mwingine humo. Mtoto yule alikaa katika moshi kwa saa mbili hadi tatu. Mapafu yake yalivimba vibaya, na alilazwa hospitalini siku 28. Hakuwa mkaidi, hakuwa mshukiwa. Alikuwa nyumbani.

Hata wenye nguvu hawakusalimika. Mwaka 2012 watafiti waliwafuatilia makuruta 6,723 wa jeshi la Marekani ambao huvutishwa gesi ya CS kama sehemu ya mafunzo. Waliona kwamba baada ya zoezi hilo uwezekano wa kupata maradhi ya njia ya hewa uliongezeka zaidi ya mara mbili. Hao ni vijana waliopimwa afya zao kabla ya kuingia jeshini.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 31 kutoka nchi 11 kuhusu vitoa machozi na dawa za pilipili. Ndani yake walihesabu watu 5,131 walioumia. 58 kati yao walibaki na ulemavu wa kudumu na wawili walifariki. Wengi wa walioumia walipona, alhamdulillah. Lakini kitu kinachoacha vilema 58 hakistahili kuitwa maudhi ya kupita.

Hapa kwetu Kenya, tarehe 12 Julai 2023, siku ya maandamano, kitoa machozi kiliingia katika Shule ya Msingi ya Kihumbuini, Kangemi, Nairobi. Watoto zaidi ya 50 walipelekwa hospitali kutoka madarasani mwao. Na huko Misri, tarehe 18 Agosti 2013, gesi ilipotiwa ndani ya gari la mahabusu lililojaa watu nje ya gereza la Abu Zaabal, watu 37 walikufa. Katika chumba kisicho na pa kupumulia, gesi hii huua.

Ipo hatari nyingine ambayo si ya moshi, bali ya mbio. Katika uwanja wa mpira wa Kanjuruhan, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, gesi ilirushwa kwa watazamaji, watu wakakimbilia milangoni, na wakafa 135, watoto wakiwamo. Watu wa Likoni na Mtongwe hawahitaji kufundishwa maana ya msongamano ukingoni mwa maji, kwani tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilichukua roho 272. Anayerusha kopo la moshi kwenye umati uliosimama juu ya maji yapaswa aikumbuke siku hiyo kabla ya kurusha.

Kwa upande wa wanawake, watafiti waliwahoji watu wazima 2,257 waliovuta gesi katika mji wa Portland, Marekani, mwaka 2020. Zaidi ya nusu ya wale wenye kupata hedhi walieleza kuwa hedhi zao zilibadilika. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hivyo hesabu hiyo si hukumu ya mwisho, lakini ni onyo. Mwezi wa Mei 2011 serikali ya Chile ilisimamisha kwa muda matumizi ya gesi hii kwa hofu ya mimba kuharibika. Mama mjamzito asingoje wataalamu wamalize mjadala wao: akae mbali na moshi, na akiuvuta aende akaonwe.

Nchini Uingereza, baada ya gesi ya CS kurushwa katika mitaa ya Londonderry Agosti 1969, serikali iliunda kamati chini ya Sir Harold Himsworth kuchunguza athari zake. Kamati hiyo ilishauri kwamba kitu cha namna hii kipimwe kwa mizani iliyo karibu na ile ya dawa za hospitali kuliko ile ya silaha, yaani ijulikane kwanza kinamfanya nini mtoto, mzee na mgonjwa. Na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1993 unaopiga marufuku silaha za kemikali, ambao Kenya nayo imeuridhia, unamkataza mwanajeshi kuitumia gesi hii kama njia ya kupigana vita. Mkataba huo huo unairuhusu kwa kutuliza ghasia za ndani. Basi asiyeweza kurushiwa ni adui vitani, na anayeweza kurushiwa ni jirani yetu sokoni.

La kufanya nyumbani

Kwanza, ujueni upepo. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini. Wakati wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Vichochoroni hugeuka, kwa hivyo tazameni nguo kwenye kamba zinapeperukia wapi, kisha mwende upande upepo unakotoka. Mwenye ghorofa apande juu.

Ikiwa moshi uko nje na nyumba bado safi, fungeni milango na madirisha, tieni vitambaa vyenye maji chini ya milango, na mkae chumba kilicho mbali na barabara, watoto wakiwa kitandani au mapajani, si sakafuni. Nyumba zetu nyingi zina uwazi kati ya ukuta na paa, kwa hivyo kinga hiyo ni ya muda. Moshi ukishaingia, msiendelee kujifungia nao. Tokeni, mwende penye hewa safi. Kopo lisiguswe kwa mkono, kwani ni la moto mno, na watoto waambiwe hivyo mapema, kabla ya siku yenyewe.

Aliyepatwa asisugue macho. Ayaoshe kwa maji safi ya baridi, mengi, kwa dakika 10 hadi 15. Mwenye lenzi za machoni azitoe kwa mikono iliyooshwa. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali. Nywele zioshwe kichwa kikiwa kimeinamishwa mbele, ili maji yasiteremke machoni. Ndimu, siki, dawa ya meno na kitunguu havitibu. Baadhi yake huongeza mwasho. Mafuta nayo yasipakwe, kwani huzishika chembe zikabaki mwilini. Maziwa si safi kiasi cha kutiwa machoni. Maji yanatosha.

Buibui, mtandio na nikabu hukamata unga huu na kuubeba hadi ndani. Ni bora vazi la juu livuliwe ukumbini kabla ya kuingia vyumbani, na likiwa ni la kupitishia kichwani, macho na mdomo vifumbwe, au likatwe. Akiwa mbali na nyumbani, wenzake wamzungushie leso, avue kwa sitara yake. Nguo hizo zisikung'utwe ndani. Zifuliwe peke yake, mara mbili, zianikwe penye upepo. Mama anyonyeshaye aoge na abadili nguo kabla ya kumpa mwana ziwa, hata kama mwana analia.

Moshi ukishatawanyika, fungueni madirisha yote. Msifagie sakafu kavu, kwani ufagio huurusha unga upya. Futeni kwa kitambaa chenye maji. Mikeka, chandarua na vitu vya kuchezea watoto vioshwe. Chakula kilichokuwa wazi kitupwe, hata kama ni cha biashara. Tunajua kuwa hilo ni zito kwa mama aliyekopa unga na mafuta asubuhi, lakini kukiuza ni kumpelekea jirani ugonjwa.

Mwenye pumu awe na inhela yake mahali panapojulikana na kila aliyemo nyumbani, na itazamwe isiwe imepitwa na muda. Aitumie kama alivyoelekezwa na daktari. Asipopata nafuu, apelekwe hospitali bila ya kungoja. Vivyo hivyo mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo yake inageuka rangi, anakataa kunyonya au analegea. Na kwa kuwa mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, aliyevuta moshi mwingi aangaliwe usiku kucha na siku inayofuata. Ndugu zetu wa Likoni wakumbuke kwamba siku ya fujo feri huenda isiende. Basi wajue mapema Hospitali ya Likoni itawafikisha wapi. Wa Changamwe wanayo ya Port Reitz. Wa Kisauni wakijue kituo kilicho karibu nao kabla ya haja.

Tumeulizwa pia juu ya ibada. Machozi hayatengui udhu. Moshi uliomwingia mtu pasi na hiari yake, wala kutapika kulikomshinda, havimfunguzi aliyefunga. Na aliyebanwa na kifua akahitaji dawa atumie dawa, kisha amuulize mwanachuoni wake juu ya kuilipa siku hiyo. Kuihifadhi roho ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu.

Osheni, kisha andikisheni

Sasa tufike kwenye neno tulilolikusudia hasa. Madhara ya gesi hii hupotea upesi, si kwa sababu yameisha, bali kwa sababu hayakuandikwa. Mama humpeleka mwana kituoni siku ya pili, akasema mtoto anakohoa. Muuguzi huandika kikohozi, au nimonia, au pumu. Yote ni kweli, na chanzo hakimo. Mwisho wa mwezi vitabu vya hospitali vinaonyesha kwamba watoto wa mtaa huo waliugua kifua, na hakuna mstari mmoja unaosema kwa nini. Kisichoandikwa hakina wa kukijibia.

Kwa hivyo, dada zetu, mkifika kwa daktari tajeni gesi kwa jina lake. Semeni siku, saa, mtaa, kama mtoto alikuwa ndani au nje, na alikaa katika moshi kwa muda gani. Ombeni iandikwe hivyo katika kijitabu cha afya cha mtoto. Kama kuna jeraha au madhara makubwa, ombeni fomu ya P3 ijazwe na daktari. Pigeni picha ya kopo lilipoanguka bila ya kulishika, na maandishi yaliyo juu yake. Mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko ya raia. Anayeona uzito kwenda peke yake anaweza kutafuta msaada kwa mashirika ya haki yaliyopo hapa Mombasa, kama MUHURI na HAKI Africa.

Hatusemi haya kwa chuki. Miongoni mwa askari wamo watoto wetu, nao pia huuvuta moshi huo. Wala hatusemi kwamba fujo zisizuiliwe. Wenye maduka na wapita njia wana haki ya usalama. Tunasema kwamba madhara huondolewa, hayaondolewi kwa kuyahamishia kwa asiyehusika. Wazee wa mitaa na maimamu wetu wanaokutana na wakuu wa vituo vya polisi walifikishe ombi hili lililo wazi: kopo lisirushwe karibu na shule, madrasa, zahanati, msikiti wala kivuko, na lisirushwe ndani ya uchochoro wa nyumba za watu. Na walimu wa madrasa zilizo kando ya barabara kuu wapange leo watoto watatokea mlango gani, na nani atambeba mdogo.

Tunamuomba Mola atukinge na fitina za dhahiri na za siri, awaponye wagonjwa wetu, na awape wenye mamlaka huruma juu ya wanyonge. Mwenye swali juu ya mada hii atuandikie, nasi inshaAllah tutamuuliza daktari kwa niaba yake.

Wabillahi tawfiiq.